Siro ya Mama Mkwe

Daktari aliposema kwamba mtoto hatapewa dawa, Buhendwa alidhani masikio yake ndiyo yenye mafua. Akaomba arudiwe. Daktari Habineza, kijana mwembamba mwenye sauti ya upole, akarudia polepole. Mtoto ana bronkiolite. Vijia vidogo vya hewa ndani ya mapafu vimevimba na kujaa makamasi. Kilichomletea ugonjwa ni kirusi, na kirusi hicho hakina dawa ya kukiua. Huondoka chenyewe kikishachoka. Wao wangemsaidia kupumua kwa oksijeni, wangemsafisha pua kwa maji ya chumvi, na maziwa ya mama yake wangeyapitisha kwenye mpira mwembamba mpaka apate nguvu ya kunyonya tena.

"Na sindano?" Buhendwa akauliza.

"Hapana sindano."

"Hata antibiotiki kidogo, dokta?"

"Antibiotiki inaua bakteria. Hii si bakteria. Tutamuharibu tumbo bure."

"Basi siro. Dawa ya maji ya kikohozi tu, ya kumulainisha."

"Hasa hiyo siro, Papa. Za kikohozi, za pumu, zote. Kwa mtoto mdogo namna hii hazisaidii, na zinaweza kumdhuru. Mtu yeyote asimpe kitu, isipokuwa sisi." Daktari akainua macho kutoka kwenye kifua cha mtoto. "Nani nyumbani alikuwa na mafua siku hizi?"

Buhendwa akakohoa. Hakukusudia, kikohozi kilitoka chenyewe kama shahidi asiyeitwa. Mkewe Nzigire akamtazama, kisha akatazama dirishani.

Mtoto huyo, Asifiwe, alikuwa wa kwanza kwao, na hakuwa amekaa duniani hata muda wa kuota jino. Alilala katikati ya kitanda kikubwa kama andazi lililosahaulika kwenye sinia. Kila alipovuta pumzi ngozi ilizama kati ya mbavu, na kila alipoitoa kifua kililia filimbi. Puani alikuwa na mrija, na mguuni walimfunga kitaa chekundu kilichopeleka kwenye mashine namba za hewa iliyo katika damu. Buhendwa alikuwa fundi wa simu pale Kamembe, ng'ambo ya mpaka kutoka Bukavu, mtu wa kuungua vidole kwa risasi ya kulehemia na kutazama vyuma vidogo kuliko chembe ya mchele. Namba alizielewa. Hizi hakuzipenda.

Wakapanga zamu. Nzigire angekaa na mtoto asubuhi na usiku. Mchana angekwenda nyumbani kuoga, kula na kulala kidogo, na Buhendwa angeshika nafasi yake. Kabla ya kuondoka siku ya kwanza, Nzigire alimvuta mume wake pembeni.

"Mama anavuka leo toka Bukavu," alisema. "Unamujua. Hatakuja mikono mitupu."

"Utamuambia maneno ya dokta."

"Mimi? Mimi ni mutoto wake, atanichapa hata hapa. Wewe ni mukwe. Mukwe anaheshimiwa."

"Mukwe njo anaogopa kuliko bote, Nzigire."

"Njo vile utamuambia kwa upole," Nzigire akasema, akajifunga kitenge chake na kuondoka haraka.

*

Kitanda cha jirani alilala mtoto wa mama mmoja wa Nzahaha, mwenye nimonia. Huyo alichomwa sindano asubuhi, mchana na jioni, na kila alipochomwa alilia kwa sauti iliyojaa chumba. Mama yake alimbembeleza kwa uso wa mtu anayehudumiwa ipasavyo. Buhendwa alimwonea wivu.

"Wenu banamuchoma nini?" mama wa Nzahaha aliuliza.

"Wetu hachomwi."

"Banamupa vidonge?"

"Hapana."

"Sasa banamupa nini?"

Buhendwa akatazama mrija. "Hewa," alisema. "Na chumvi puani."

Mama yule akatikisa kichwa kwa huruma, akasogeza chupa ya maji ili fundi huyu maskini apate angalau kitu cha kunywa.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, Maman Véronique aliwasili. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge katika soko la Kadutu, mwanamke mpana, mwenye kilemba kilichosimama kama mnara, na alivuka mpaka mara nyingi kiasi kwamba maaskari wa pande zote mbili walimwita mama. Wageni hawakuruhusiwa kuingia chumba cha watoto wenye kubanwa kifua. Walisimama barazani na kuongea kupitia dirisha. Kwa Maman Véronique dirisha lilikuwa kama meza ya duka tu: aliweka viwiko juu yake na kuanza kudai.

"Papa Asifiwe. Mujukuu wangu anapewa nini?"

"Jambo, mama. Umefika salama?"

"Nimeuliza anapewa nini."

"Banamupa oksijeni, mama. Ni hewa safi, inasaidia..."

"Hewa?" Akageuka kuwatazama wageni wengine barazani, ili wasikie pamoja naye. "Hewa njo hii tunavuta bote hapa inje. Mimi nimevuka pont, daraja lote la mpaka, niende hospitali, mutoto aletewe hewa?"

Wageni wakacheka, si kwa ubaya. Buhendwa alikuwa amepanga maneno mazuri kuhusu kirusi na bakteria, lakini yalimkimbia yote. Maman Véronique akaingiza mkono dirishani na kumpa chupa ya kahawia iliyofungwa kwenye gazeti.

"Siro. Nimeinunua kwa muntu anajua dawa. Kijiko asubuhi, kijiko muchana, kijiko mangaribi. Umupe sasa, niko naona."

"Mama, dokta alisema..."

"Dokta ana batoto ngapi?"

Buhendwa hakujua. Kwa namna alivyoonekana, daktari mwenyewe alikuwa mtoto wa mtu hivi karibuni. Akafungua chupa. Harufu tamu ya matunda ya uongo ikapanda. Akamimina kijiko, akainama juu ya kitanda, na mgongo wake ukaziba dirisha. Alikuwa bado hajaamua atafanya nini. Alitaka tu kuinama, ionekane ameinama.

Mlango ukafunguliwa. Mukamana, muuguzi wa zamu, mwanamke wa makamo mwenye miguu iliyochoka na macho yasiyochoka, akaingia akisukuma kigari chake. Mama mkwe yuko dirishani, muuguzi mlangoni, na kijiko kimejaa katikati. Buhendwa akafanya kitu pekee alichoweza. Akakitia mdomoni mwake na kumeza.

"Unakula nini, Papa?"

"Kikohozi," Buhendwa alisema.

Kule dirishani Maman Véronique aliona kijiko kinarudi kitupu. Akashusha pumzi na kutabasamu kwa mara ya kwanza. "Njo vile," alisema. "Sasa mutoto atapona." Kisha akaomba chupa, akaigusa kwa ukucha wake mwekundu mahali dawa ilipofika, na kukwaruza alama kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake. "Kesho nitaangalia kama imeshuka."

*

Mtu angemuuliza Buhendwa kwa nini hakuimwaga tu. Yeye mwenyewe alijiuliza. Lakini beseni la kunawia lilikuwa mbele ya meza ya Mukamana, na uani palikuwa na watu wa kila namna wakifua, wakipika na kutazama. Tena alilelewa na mama aliyeokota hata punje ya maharage iliyoanguka. Kumwaga dawa nzima, iliyonunuliwa na kuvushwa mpaka, kulionekana machoni pake kama dhambi ndogo. Na mafua yake yalikuwa bado yanamsumbua. Dawa ya kikohozi, mtu anayekohoa. Hesabu hiyo haikuwa ngumu.

Akainywa. Kijiko cha mchana, na vile viwili vya zamu ya Nzigire, ambavyo mkewe alikataa hata kuvisikia. Tatizo lilikuwa moja: ile siro ililewesha. Siku ya pili Buhendwa alisinzia zamuni, akiwa ameketi wima, mdomo wazi, mpaka mama wa Nzahaha akamfunika mabega kwa kitambaa na kuwaambia wageni barazani kwamba wale watu wa hewa wanateseka sana.

Maman Véronique alipochungulia alama, akakuta dawa imeshuka vizuri. Lakini mtoto alikuwa vilevile, na filimbi ya kifua ilizidi. Hakukata tamaa. Alisema tu kwamba siro ile ilikuwa ya kufungua njia, sasa inahitajika ya kusukuma. Akatoa nyingine, chupa nyeupe, nayo akaikwaruza alama.

"Hii ni ya pumu. Yenyewe haina muchezo."

"Mama," Buhendwa alisema, akijikaza, "banakataza ya pumu. Banasema kwa batoto badogo haifanye kazi."

"Nani anakataza? Ule mama wa kigari?"

"Hata dokta."

Uso wa mama mkwe ukalegea ghafla, ukawa wa mwanamke aliyechoka tu. "Papa Asifiwe," alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuitumia sokoni. "Mimi nilizika wangu wa pili na kifua kama hiki. Nzigire hamukumbuke, alikuwa mudogo. Hakukuwa siro, hakukuwa hewa, hakukuwa kitu. Nilikaa tu naangalia. Usiniambie nikae tena naangalia."

Buhendwa akaipokea chupa kwa mikono miwili, kama inavyopokelewa zawadi ya mkwe.

*

Siku iliyofuata akachelewa. Mteja mmoja wa uwanja wa ndege alileta simu iliyozama chooni na hakutaka kuondoka bila hiyo, na Buhendwa alipofika hospitali saa ya wageni ilikuwa inakaribia huku chupa nyeupe imejaa hadi kwenye alama. Nzigire akamwambia mtoto amelala vibaya, maziwa ya mpira ameyatapika, daktari amesema hizi ndizo siku ngumu zenyewe, kilele cha mlima, kisha mtoto ataanza kushuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaenda.

Buhendwa akaketi, akaitazama chupa, akahesabu vijiko vya siku nzima na kuvinywa vyote kwa mfululizo, kama mtu anayelipa deni.

Maman Véronique alipofika dirishani, mkwe wake alikuwa anatetemeka. Kwanza vidole, vile vidole vilivyoweza kushika waya mwembamba kama unywele bila kuyumba. Kisha mikono mizima. Moyo ulianza kumpiga shingoni, masikioni, hata kwenye meno, kana kwamba kuna mtu ndani anayetaka kutolewa.

"Unaogopa, Papa Asifiwe?" mama mkwe akauliza.

"Siogope, mama. Ni baridi."

Jua lilikuwa linachoma baraza.

Hapo mashine ikaanza kulia. Namba zilikuwa zinateremka. Asifiwe alitupa kichwa nyuma, pua zikapanuka, mbavu zikachorwa moja moja, na midomo yake ikawa na rangi ya majivu. Mukamana alikuwa upande wa pili wa chumba, anashika mtoto mwingine aliyekuwa anachomwa.

"Mupe," Maman Véronique akasema dirishani. "Papa Asifiwe, mupe ile dawa. Mupe sasa."

Na safari hii Buhendwa alitaka kumpa. Hilo hakulisahau baadaye, hata watu walipocheka. Maneno yote ya daktari yalikuwa yamepotea. Alibaki baba aliyeona midomo ya mtoto wake inabadilika, na mkononi ana kitu kinachoitwa dawa. Akamimina kijiko. Kikatetemeka. Nusu ikamwagika kwenye blanketi, nusu kwenye kidole gumba. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, na yote miwili ikatetemeka pamoja. Akainama juu ya mtoto, na moyo wake ukampiga kifuani kama nyundo. Chini yake, kifua kile kidogo kilikuwa kinakwenda mbio vilevile.

Huu ni moyo wa mtu mzima, aliwaza, mtu awezaye kupanda mlima na kitanda cha mbao kichwani, na umeshindwa kutulia kwa dawa hii. Wa mtoto utafanyaje?

Akakitupa kijiko chini. "Maman Mukamana," akaita, na sauti yake ikavunjika kama ya kijana anayebalehe. "Njoo. Mutoto anaenda."

Mukamana alifika akiwa tayari ameshika kile alichohitaji. Akavuta pazia, dirisha likafungwa machoni pa baraza. Akamlaza mtoto kichwa kimeinuka kidogo, akadondosha maji ya chumvi puani, akaingiza mrija wa kufyonza, na kikatoka kitu kizito, cha kijani, kama ugali wa muhogo wa jana. Kisha kingine. Akaongeza oksijeni. Mashine ikalia, ikasita, ikanyamaza. Namba zikaanza kupanda taratibu, na midomo ya Asifiwe ikarudi kuwa midomo.

"Ni hilo tu?" Buhendwa aliuliza.

"Ni hilo tu," Mukamana alisema. "Pua yake ni ndogo kama tundu la sindano. Ikiziba, amekwisha kufanya kazi ya siku nzima kwa pumzi moja." Kisha akaiona mikono ya Buhendwa, kijiko sakafuni na chupa nyeupe kitandani. Uso wake ukabadilika. "Umempa?"

"Hapana. Hata tone."

"Hii chupa imepungua. Nani amekunywa?"

Buhendwa akatazama viatu vyake. "Mimi."

"Kwa nini wewe?"

"Mama mukwe anaangalia alama."

Mukamana hakucheka. Alimkalisha, akashika kifundo cha mkono wake, akahesabu, akamwita daktari, naye Habineza akaja na kusikiliza kifua cha baba kwa chombo kilekile alichosikilizia mtoto. Alisema moyo utatulia wenyewe baada ya saa chache, anywe maji, asinywe kingine. Aliyecheka ni mama wa Nzahaha, akaanza polepole na kuishia kujifunika uso kwa kitenge, na chumba kizima kikamfuata. Buhendwa aliketi katikati yao akitetemeka, na kwa kuwa mtoto wake alikuwa anapumua, hakuona ubaya.

"Mama yako mkwe utamwambia mwenyewe," Mukamana alisema, akatia chupa zote mbili mfukoni. "Mimi nina wagonjwa."

Lakini pazia lilipofunguliwa, Maman Véronique alikuwa amepiga magoti barazani, kilemba kimeanguka begani. Aliona kijiko kikipanda. Hakuona kikianguka, mgongo wa Buhendwa ulikuwa umeziba. Sasa aliona mjukuu wake amelala, ametulia, mashavu yamerudiwa na rangi. "Imefanya kazi," alisema huku machozi yanamtoka. "Niliwaambia. Ile ya kusukuma, imefanya kazi."

Buhendwa akafungua mdomo. Akamtazama mwanamke yule aliyekuwa amekaa tena akiangalia, na safari hii mtoto hakufa. Akafunga mdomo.

*

Asifiwe akashuka kutoka ule mlima kama daktari alivyosema. Mrija wa maziwa ukatolewa, kisha wa hewa, na siku aliyolishika ziwa mwenyewe Nzigire alilia kuliko siku walipolazwa. Wakarudi nyumbani, na Jumapili Maman Véronique akavuka na mchele, samaki na marafiki zake wa kanisani, kuja kushukuru.

Baada ya kula akasimama kutoa ushuhuda. Alisimulia vizuri, mtu asingeweza kukataa. Madaktari na hewa yao. Mashine inalia. Mukwe wake mwaminifu, anatetemeka kwa kumwogopa Mungu, anainua kijiko. Wanawake wakasema amina. Nzigire, ambaye mumewe alikuwa amemweleza yote, alitazama sahani yake kwa bidii kubwa.

"Maman, ni siro gani?" akauliza Odette, jirani yao wa ukuta mmoja, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Mgongoni alikuwa na mtoto wake wa kiume, mdogo kuliko Asifiwe. "Wangu toka jana anakohoa. Na kifua kinalia."

Na kweli, mgongoni kwa Odette ilisikika filimbi ndogo.

"Sikuacha kununua," Maman Véronique akasema kwa furaha, akafungua mkoba wake na kutoa chupa nyeupe, mpya. "Lete kijiko."

Nzigire akamtazama mumewe. Buhendwa akasimama.

"Mama, usimupe."

"Juu ya nini?"

"Asifiwe hakuinywa."

"Nilikuona."

"Uliona kijiko. Hakunywa hata tone. Ni mimi nilikunywa."

Mama mkwe akabaki na chupa hewani. "Wewe?"

"Mimi, mama. Hiyo njo ilinitetemesha, si kumuogopa Mungu. Ilikuwa karibu moyo unitoke. Mutoto aliponeshwa na Maman Mukamana. Alimutoa makamasi, akamuongezea hewa. Nilishindwa kukuambia. Unisamehe."

"Na ile ya kwanza? Ya kikohozi?"

"Na ile."

"Yote?"

"Yote mpaka Maman Mukamana aliinyang'anya."

Rafiki mmoja wa kanisani akaanza kukohoa kwa namna iliyofanana sana na kicheko. Maman Véronique alimtazama mkwe wake kutoka kichwani hadi miguuni. Aibu ilimpanda usoni, ikakaa, na wote wakangoja ilipuke. Badala yake akaketi. Akaiweka chupa mapajani na kuigeuzageuza.

"Na kama ungemupa," alisema mwishowe, "moyo wake ungefanya vile wako ulifanya?"

"Sijue, mama. Mimi njo nilikuwa mukubwa na nilishindwa."

Mama mkwe akanyanyuka, akaitupia chupa ndani ya mkoba na kuufunga kwa kishindo. "Odette, shusha mutoto umushike mbele, tuone anavyopumua. Papa Asifiwe, wewe unajua mulango. Twende."

Wakaenda msafara mzima, na sahani zikabaki mezani. Hospitalini Maman Véronique alipita mbele ya kila mtu. "Huyu ana bronkiolite," alimtangazia Mukamana, neno likimtoka bila kosa. "Musimupe siro. Musimuchome sindano. Mumupe hewa na chumvi."

Mukamana alimtazama, akamtazama Buhendwa, akamwita daktari. Habineza akamfunga mtoto kitaa chekundu mguuni, akasikiliza kifua, akamtazama mbavu, akamuuliza Odette kama ananyonya. Ananyonya. Namba zilikuwa nzuri.

"Ndiyo, ni bronkiolite, lakini ndogo," alisema. "Huyu arudi nyumbani. Anyonye kidogo kidogo, mara kwa mara, na Mukamana atawaonyesha kumsafisha pua. Akianza kuvuta mbavu, au akikataa ziwa, au midomo ikibadilika, mumlete mbio."

"Arudi nyumbani na dawa gani?" Maman Véronique akauliza.

"Hana haja ya dawa."

"Najua hiyo. Nauliza hewa."

"Hana haja ya hewa pia, mama. Ile ya nje inamtosha."

Maman Véronique aligeuka kumtazama mkwe wake, kama mtu aliyefika sokoni na kukuta hata kile kidogo alichokubali kununua kimekwisha. "Wetu balimupa," alisema. "Huyu banamunyima." Akamrudia Mukamana na kuteremsha sauti. "Maman, hata kidogo tu. Amekuja toka Kamembe."

Mukamana akawa na kazi ya ghafla ndani ya kabati, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Odette alikuwa ameketi kwenye benchi, amefungua blauzi, na mtoto alikuwa tayari ameshika ziwa, anavuta kwa kelele na kupumzika, anavuta na kupumzika. Maman Véronique alisimama akisikiliza sauti hiyo kwa muda. Kisha akaketi kando yao, akarekebisha kilemba, na kumsogezea mtoto kona ya kitenge isimzibe pua.

"Nyonya, baba," alimwambia. "Iyo tu njo bamekupa."